Breki ya Mtoto Hupimwa kwa Vidole vya Mtoto

Mtu mzima akiinama juu ya baiskeli ya inchi 16, akabana mkono wa breki na gurudumu likagoma kuzunguka, husema breki zinashika. Hapo amepima nguvu za kiganja chake mwenyewe. Mtoto wa miaka mitano ana vidole vifupi na nguvu kidogo. Mkono ule ule wa breki kwake unaweza kuwa mbali, mgumu, na ukafika mwisho kabla gurudumu halijahisi chochote. Kwa hiyo ukaguzi wote ulioelezwa hapa unapimwa kwa vidole vya yule anayepanda, si vya baba, kaka wala fundi. Vipimo vichache tu vinahitaji mkono wenye nguvu, navyo vitatajwa mahali pake.

Tanga ni mji wa baiskeli, tena mji wa tambarare, na utambarare huo ndio unaofanya breki zisahaulike. Mtoto akiacha kukanyaga, baiskeli hupungua mwendo yenyewe, naye humalizia kwa kuburuza kandambili. Miezi inapita hivyo bila mtu kugundua kwamba waya umeoza. Lakini barabara za namba za Ngamiani hukatana kila baada ya nyumba chache, na bajaji haipigi honi kwenye kila kona. Mtoto anayekwenda kilomita 12 kwa saa anapita zaidi ya mita 3 kila sekunde, na sekunde nzima inaweza kwisha kwa kushtuka tu, kabla hajabana chochote. Kandambili haina la kufanya hapo.

Halafu kuna chumvi. Baiskeli inayolala barazani karibu na bahari, iwe Raskazone, Sahare au Mwambani, hupata kutu ndani ya waya kabla haijaonekana kwenye fremu. Nje inang'aa, ndani inakwama.

Andaa spana namba 10 mbili, spana namba 15 ya nati za ekseli (baadhi huchukua 13 au 14), alenki ya milimita 5 na nyingine ndogo ya 2 au 2.5, bisibisi ya nyota, koleo, msasa laini, kitambaa safi, mafuta ya cherehani, rula, na kipande cha kadi ngumu. Mtoto mwenyewe awepo. Bila yeye nusu ya kazi haifanyiki.

Kabla ya breki, tazama foki

Simama kando ya baiskeli, usukani ukiwa umenyooka. Foki ya mbele, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ijipinde kuelekea mbele, na breki ya mbele ikae upande wa mbele wa foki, siyo upande wa fremu. Baiskeli za watoto zinazotoka kwenye boksi zikaunganishwa haraka mara nyingi hugeuzwa hapa: mtu hukaza usukani kwa mbele huku foki ikitazama nyuma. Baiskeli hiyo inatembea, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Lakini mguu wa mtoto hugusa tairi akikata kona, usukani huwa mwepesi wa kuyumba, na waya wa breki unakuwa umejizungusha shingo ya usukani. Legeza usukani, zungusha foki nusu duara, kaza upya. Usiguse kitu kingine kabla ya hili, maana vipimo vyote vya waya vitabadilika.

Kisha shika gurudumu kwa juu ulisukume kulia na kushoto. Likicheza, beringi zimelegea au nati za ekseli hazijakazwa. Lizungushe ukitazama nafasi kati ya ringi na raba ya breki: ringi ikipepesuka zaidi ya milimita 2, peleka kwa fundi anyooshe spoki kwanza. Hakuna namna ya kuweka raba vizuri kwenye ringi iliyopinda. Ukizisogeza mbali ili zisisugue, mkono wa breki utafika mwisho kabla ya kushika. Ukizisogeza karibu, zitasugua na mtoto atachoka.

Unashughulika na breki gani?

Kwenye baiskeli za watoto utakutana na hizi. Breki ya koleo ina mikono miwili iliyofungwa kwa bolti moja juu ya gurudumu, na waya huingia pembeni. Breki ya V ina mikono miwili mirefu, kila mmoja na bolti yake kwenye foki au fremu, na waya hukatiza juu ukipitia kibomba kilichopinda. Breki ya kukanyaga haina waya kabisa: mtoto anarudisha pedeli nyuma na habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, inashika. Breki ya mkanda ni bakuli dogo la chuma upande wa kushoto wa gurudumu la nyuma, ndani yake mna mkanda unaobana ngoma.

Ya koleo na ya V huonekana kama ndugu, lakini mikono yake ya breki kwenye usukani si ya kubadilishana, na hapa ndipo baiskeli nyingi za mtumba zilizofungwa vipuri vya mchanganyiko huharibikia. Breki ya V inahitaji mkono unaovuta waya mwingi, ile ya koleo inahitaji unaovuta waya mfupi. Ukifunga mkono wa koleo kwenye breki ya V, mkono utagota kishikio kabla raba hazijabana, isipokuwa uziweke raba karibu mno na ringi. Ukifanya kinyume, mkono utakuwa mgumu kama umegonga ukuta na breki haitashika, hata ukikaza waya mara kumi. Ukiona breki imerekebishwa kila kitu na bado ni dhaifu, shuku jambo hili. Usimlaumu mtoto kwamba habani.

Mkono wa breki na vidole

Mketishe mtoto kwenye siti, miguu ikigusa chini, ashike usukani kama anavyoendesha. Mwambie: "Usisogeze kiganja, nyoosha vidole viwili tu, ushike breki." Tazama kwa karibu. Kiungo cha kwanza cha kidole, kile chenye ukucha, kinatakiwa kizunguke mkono wa breki na kuufunika. Kama ni ncha ya kidole tu inayogusa, mkono uko mbali. Kama mtoto amesogeza kiganja mbele ili aufikie, uko mbali zaidi, na siku ya dharura atakuwa ameachia nusu ya usukani.

Mikono mingi ya breki ina skurubu ndogo ya kusogezea, karibu na mahali inapofungwa kwenye usukani, upande wa ndani. Inachukua bisibisi ya nyota au alenki ya milimita 2 au 2.5. Ukiikaza, mkono unasogea kwenye kishikio. Kaza nusu mzunguko, mpe mtoto ajaribu, kaza tena. Kumbuka kwamba ukiusogeza mkono, waya nao unavutwa kidogo na raba zinakaribia ringi, kwa hiyo baadaye utalazimika kulegeza waya kidogo. Skurubu hii isipokuwepo, au mkono ukiwa wa plastiki unaopinda ukibanwa badala ya kuvuta waya, nunua mkono mfupi wa alumini wa mtoto. Hiyo ndiyo pesa inayofaa kuliko zote kwenye baiskeli hii. Kengele na vibendera vingoje.

Pembe nayo ina kazi yake. Mkono wa breki ushuke kiasi ili ufuate mstari wa kigasha cha mtoto, usiwe bapa kama meza wala kuning'inia chini. Legeza bolti ya kuushikilia, uzungushe, kaza. Usogeze pia kushoto au kulia hadi vidole viwili vya mtoto vikae kwenye ncha ya mkono, siyo karibu na mzizi wake. Ni hesabu ile ile ya kufungua mlango: ukisukuma karibu na bawaba, unatoa jasho.

Sasa abane. Breki ya mtu mzima huwekwa ishike mapema, mkono ukiwa bado mbali. Ya mtoto iwe tofauti. Vidole vifupi vilivyonyooka havina nguvu. Nguvu yake inakuja vidole vikishakunjika. Kwa hiyo acha mkono usafiri karibu theluthi moja ya njia yake ndipo raba ziguse ringi, na akibana kwa nguvu zake zote ubaki umbali wa sentimita 1.5 au zaidi kutoka kwenye kishikio. Chini ya hapo hakuna akiba, na waya ukilegea kidogo breki imekwisha.

Waya: hapa ndipo ugumu unapozaliwa

Mkono ukiwa mgumu kwa mtoto, watu hukimbilia kulegeza waya. Waya uliolegezwa humfanya abane zaidi, siyo kwa wepesi zaidi. Chanzo huwa ni msuguano, nao una mahali pake: kutu ndani ya ganda la waya, ganda lililopinda kwa kona kali, au bolti za breki zilizokauka.

Utajua kwa kutenganisha. Kwenye breki ya V, bana ile mikono miwili mirefu iliyo kando ya gurudumu pamoja kwa kiganja chako na uchomoe kile kibomba kilichopinda kwenye kikalio chake. Kwenye breki ya koleo, fungua nati inayoshikilia waya. Sasa vuta waya wa ndani mbele na nyuma kwa mkono. Uteleze kama uzi kwenye tundu la sindano. Ukikwaruza, au ukitoka na unga wa rangi ya matofali, badilisha waya na ganda lake kwa pamoja. Waya mpya ndani ya ganda lenye kutu utakwama baada ya wiki chache, hasa kwa hewa yetu hii.

Kama waya hauna kutu bali umekauka tu, usimamishe ganda wima na udondoshe matone 3 au 4 ya mafuta ya cherehani, uvutevute hadi yatokee chini. Mafuta ya kupikia yasitumike. Huganda, hushika vumbi, na baada ya miezi michache breki inakuwa nzito kuliko ulivyoianza.

Chunguza pia ncha zote mbili. Kwenye mkono wa breki kuna kichwa cha waya, kile kifundo kinachokaa ndani ya tundu. Bana mkono hadi mwisho na uangalie pale waya unapotoka kwenye kifundo: uzi mmoja tu wa chuma ukikatika, waya huo umekwisha kazi, kwa kuwa nyuzi zilizobaki zinabeba mzigo wa zile zilizokufa. Kwenye ncha ya chini acha mkia wa sentimita 3 hadi 5 wenye kofia. Mkia uliofumuka huchoma mguu wa mtoto, na nyuzi zake zinaweza kunasa kwenye spoki.

Ukinunua waya, sema ni wa breki. Waya wa gia ni mwembamba, milimita 1.1 au 1.2, ilhali wa breki ni 1.5 au 1.6. Ganda nalo ni tofauti: la breki lina chuma kilichozungushwa kama springi, la gia lina nyuzi zilizonyooka kwa urefu, na nyuzi hizo zinaweza kupasua ganda pale breki inapobanwa kwa nguvu. Kipande cha ganda la gia kilichobaki dukani si akiba ya kutumia hapa, hata kikitolewa bure.

Geuza usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto. Raba zisisogee. Zikibana zenyewe, ganda ni fupi au limepita njia mbaya. Likiwa refu mno litatokeza na kunasa goti.

Hapa sasa ndipo mkono wenye nguvu unapofaa. Baada ya kukaza nati ya waya, mtu mzima abane mkono wa breki kwa nguvu zake zote mara 10. Waya ukiteleza kwenye nati, ni bora uteleze sasa ukiwa barazani. Ganda litajikaa vizuri, waya utalegea kidogo, kaza upya. Marekebisho madogo hufanywa kwenye ile skurubu ya mviringo yenye tundu ambamo waya unapita: ukiifungua kuelekea nje, waya unakaza, kisha kaza kinati chake chembamba ili isirudi yenyewe. Ikiwa imeshatoka nje karibu yote, irudishe ndani kabisa na ukaze waya kwenye nati badala yake, vinginevyo itang'oka.

Na kabla hujaondoka kwenye breki ya V, hakikisha kile kibomba kimerudi kwenye kikalio na mpira wake umefunika waya. Kila anayeziba pancha hukichomoa ili gurudumu litoke. Kisiporudishwa, mtoto anaondoka bila breki ya upande huo kabisa, na mkono wa breki kwake unajisikia mwepesi na mzuri.

Raba na ringi

Raba ikae yote juu ya ukingo wa ringi. Ikipanda juu inakula tairi, na tairi lililolika ubavuni hupasuka. Ikishuka chini inachomoza kando ya ringi, inajenga kijukwaa, na siku moja itazama kwenye spoki. Nafasi kati ya raba na ringi iwe milimita 1 hadi 2 kila upande.

Ncha ya mbele ya raba, yaani upande ambao gurudumu linaelekea, iguse ringi kabla ya ncha ya nyuma kwa nusu milimita hadi milimita 1. Legeza nati ya raba, ingiza kipande cha kadi ngumu chini ya ncha ya nyuma, bana breki ili raba ikae, kaza nati, chomoa kadi. Breki inayopiga kelele mara nyingi ni ya kugusa nyuma kwanza. Raba zenye mshale ziwekwe mshale ukifuata mzunguko wa gurudumu. Zile zinazochomekwa kwenye kikalio cha chuma, upande wenye uwazi uwe nyuma. Ukiwa mbele, raba inasukumwa nje mtoto akishika breki.

Raba iliyolika hadi mifereji yake ina kina chini ya milimita 1 ibadilishwe. Iliyozeeka bila kulika nayo ina tatizo lake: jua huifanya iwe ngumu na yenye kung'aa kama kioo, ukiibonyeza kwa ukucha haibonyei. Ipake msasa laini hadi weusi mpya utokee. Ikibaki ngumu, itupe. Chembe za chuma zilizojikita kwenye raba zing'oe kwa pini, maana zinachora ringi kama kisu.

Ringi ipanguswe kwa maji ya sabuni, isuuzwe, ikauke. Kuna mtu wa nyumbani ambaye kila Jumamosi huipaka baiskeli ya mtoto mafuta ili ing'ae. Fremu sawa. Ringi hapana. Mafuta yakishaingia kwenye raba, msasa mara nyingi hautoshi, unabadilisha.

Kisha gusa ringi kwa sumaku, hata ya spika mbovu. Ikinata, ringi ni ya chuma, na kama imepakwa kromu inayong'aa, elewa jambo hili: ikilowa maji breki hupungua nguvu sana, na mizunguko ya kwanza ya gurudumu inaishia kufuta maji tu. Sumaku isiponata ni alumini, ambayo hustahimili mvua vizuri zaidi. Mtoto mwenye ringi za chuma asiingie barabarani mvua za masika au za vuli zinaponyesha, au aanze kushika breki mapema kabla ya kona, kwa kugusagusa. Raba mpya zinasaidia, lakini haziifanyi chuma iwe alumini.

Ikiwa raba moja inagusa na nyingine haigusi, kwenye koleo legeza nati ya nyuma ya foki, nyoosha koleo kwa mkono, kaza. Kwenye V, kila mkono una skurubu ndogo pembeni, karibu na bolti yake: ukiikaza, mkono huo unasogea mbali na ringi. Robo mzunguko kwa wakati, kisha bana na uachie uone.

Breki ya kukanyaga

Baiskeli za inchi 12 hadi 16 nyingi zinategemea hii, na ni breki nzuri kwa mtoto mdogo kwa kuwa mguu una nguvu kuliko vidole. Inaponzwa na vitu viwili.

Cha kwanza ni cheni. Cheni ikichomoka, breki haipo. Hakuna pa kukanyagia. Bonyeza cheni katikati, juu na chini: icheze jumla ya milimita 10 hadi 15. Zungusha pedeli taratibu kwanza, upate mahali ilipokaza zaidi, upime hapo. Ili kuikaza, legeza kwanza bolti ya kile chuma kirefu cha kushoto, kisha nati mbili za ekseli, vuta gurudumu nyuma, lisimame katikati ya fremu, kaza nati zote mbili na mwishowe bolti ya chuma kile.

Cha pili ni hicho hicho chuma kirefu, kinachotoka kwenye habu na kufungwa kwenye fremu kwa kibanio. Ndicho kinachozuia ekseli isizunguke mtoto anapokanyaga nyuma. Kibanio kikilegea au bolti yake ikidondoka, chuma kinazunguka na gurudumu linaweza kukwama ghafla au kukosa breki kabisa. Kukifunga kwa waya wa kufungia nyaya za nyumba au kamba ya katani si marekebisho. Ni kibanio chenye bolti na nati, bei yake ndogo. Kipatikane leo.

Inua gurudumu la nyuma, lizungushe kwa pedeli, kisha rudisha pedeli nyuma. Breki ishike kabla pedeli haijarudi sehemu ya sita ya duara, yaani nyuzi 60. Ikirudi zaidi, au habu ikikwaruza na kunguruma, ndani kumekauka grisi au vipande vimelika. Fundi aifungue, aisafishe kwa mafuta ya taa, aipake grisi mpya. Mfundishe mtoto pia kwamba pedeli zikisimama wima, moja juu na moja chini, mguu hauna nguvu. Abane pedeli zikiwa zimelala. Kama mnapanda naye milimani likizo, Lushoto au Amani, breki hii peke yake isitegemewe kwenye mteremko mrefu. Habu hupata moto na grisi huungua. Baiskeli iwe na breki ya mkono ya mbele pia.

Vigurudumu vya pembeni vina uhusiano na breki kuliko watu wanavyodhani. Vikifungwa chini mno, gurudumu la nyuma linaning'inia kila penye shimo, na gurudumu lisilogusa ardhi haliwezi kusimamisha chochote. Acha nafasi ya milimita 5 hadi 10 kati ya kigurudumu na sakafu iliyosawazika, kila upande.

Ya mkanda inahitaji maneno machache: isipakwe mafuta kamwe, kaza waya wake hadi gurudumu lianze kusugua kisha legeza hadi liachie, basi. Kelele yake ni ya kawaida, udhaifu si wa kawaida. Na zile baiskeli kubwa za breki za vyuma, ambazo watoto hupanda kwa kupitisha mguu chini ya bomba la fremu, hazina marekebisho yoyote yatakayozifaa. Mtoto akiwa ameegemea pembeni hivyo, hafikii mikono ya breki bila kupoteza usawa. Asiingie nayo barabarani.

Kulia au kushoto

Muulize anayekuuzia: "Fundi, mkono wa kulia unashika mbele au nyuma?" Baiskeli zilizotoka Japani na Uingereza kwa kawaida kulia ni mbele. Za Marekani na nchi nyingi za bara la Ulaya, kulia ni nyuma. Kwenye mtumba zote zimelala rundo moja. Kwa barabara zetu, tunapopita kushoto, kulia-mbele ina faida: mtoto akinyoosha mkono wa kulia kuonyesha anakata kulia, mkono wa kushoto uliobaki unashika nyuma, na breki ya nyuma ikishika ghafla gurudumu linateleza tu. Ya mbele ikishikwa ghafla kwa mkono mmoja inaweza kumrusha juu ya usukani. Muhimu zaidi ni kwamba baiskeli zote anazopanda, yake na ya dada yake, zifungwe upande mmoja. Vidole hujifunza upande, na kwenye dharura havisomi alama.

Usimwondolee breki ya mbele kwa kumhofia. Baiskeli ikishika breki, uzito huhamia mbele. Breki ya nyuma peke yake huhitaji umbali wa karibu mara mbili. Iwekwe laini kidogo kuliko ya nyuma, na afundishwe kubana zote mbili pamoja.

Jaribio

Kwanza bila mtoto. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele: gurudumu la nyuma linyanyuke. Achia, bana ya nyuma, sukuma: tairi la nyuma liburuzike bila kuzunguka. Sukuma pia mbele na nyuma kwa fujo ukiwa umebana ya mbele. Ukisikia kugonga, ni bolti ya breki au beringi za usukani zimelegea.

Kisha mtoto, kwa nguvu zake. Akiwa amesimama kando ya baiskeli abane ya mbele kwa vidole viwili, wewe usukume kwa taratibu. Gurudumu la mbele likizunguka, rudi kwenye waya na raba.

Mwisho apande. Tafuta sakafu ngumu isiyo na mchanga, uwanja wa shule siku ya mapumziko unafaa. Chora mstari wa chaki, na mwingine mita 3 mbele yake. Aje kwa mwendo wa mtu anayetembea, afikapo mstari wa kwanza umwambie: "Haya, mwanangu, shika!" Asimame kabla ya wa pili bila kushusha mguu. Arudie kwa mwendo wa mtu anayekimbia kidogo. Hapo mpe mita 5, kwa sababu ile sekunde ya kushtuka nayo inakula njia. Rudieni mara 10. Akishindwa mara 2 na miguu yake ikawa inatafuta ardhi, breki bado haijamkaa, hata kama kiganja chako kinasema vingine.

Kesho yake asubuhi pima tena ile sentimita 1.5 kwenye kishikio. Kama ulifunga waya mpya, utakuwa umelegea. Zungusha ile skurubu ya mviringo mara moja au mbili kuelekea nje, kaza kinati chake, ndipo atoke nayo.